Jinsi ya Kuchagua Mbeleko Inayomfaa Mtoto na Anayembeba

Mtu anayenunua mbeleko kwa mara ya kwanza aghalabu huanza kwa kuibonyeza mikanda ya mabegani kwa vidole, na akikuta sponji nene huamini kwamba amepata iliyo bora. Kipimo hicho hupotosha. Sponji hupunguza makali ya mkanda unaokata bega, lakini haipunguzi uzito wa mtoto wala haibadilishi mahali uzito huo unapoelemea. Kinachoamua kama mbeleko itavaliwa saa nzima au itavuliwa baada ya dakika kumi ni namna inavyomshikilia mtoto: awe juu, awe karibu na mwili wa anayembeba, na asiwe na nafasi ya kuyumba. Ndoo ya maji iliyoshikwa karibu na mwili huchukulika, ilhali ndoo hiyo hiyo ikishikwa kwa mkono ulionyooshwa mbele huchosha papo hapo, ingawa hakuna tone lililoongezeka. Mtoto anayening'inia sentimita chache mbali na kifua huuvuta mgongo wa mbebaji vivyo hivyo.

Kwa bahati nzuri, mkao unaompumzisha mbebaji ndio huo huo unaolinda pumzi na nyonga za mtoto. Kwa hiyo uchaguzi uanze kwa mtoto, kisha uende kwa mtu mzima, na rangi na mifuko midogo ya pembeni ije mwisho kabisa.

Pumzi na nyonga

Mtoto mchanga ana kichwa kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake, na misuli ya shingo yake haijapata nguvu za kukihimili. Akikunjika hadi kidevu kikagusa kifua, njia yake ya hewa, ambayo bado ni nyembamba na laini, hubanwa, naye anaweza kukosa hewa kimyakimya bila kulia wala kupapatika. Mwezi Machi mwaka 2010 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, ilitoa onyo kuhusu mbeleko za kuning'iniza begani na kueleza hatari mbili: kitambaa kuziba pua na mdomo wa mtoto, na mtoto kulala amejikunja kidevu kikiwa kifuani. Tume hiyo iliwataka wazazi wawe waangalifu hasa kwa watoto walio chini ya miezi minne, na ikabainisha kwamba wengi wa waliofariki walikuwa mapacha wenye uzito mdogo, waliozaliwa kabla ya wakati, au wenye matatizo ya kupumua kama vile mafua. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo afanye vizuri kumuuliza daktari au mkunga kabla ya kununua chochote.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja dukani. Mbeleko yenye umbo la mfuko mpana ambamo mtoto mchanga hulazwa chali au ubavu chini kabisa, uso wake ukizama ndani ya kitambaa, iachwe mahali ilipo, hata kama picha iliyobandikwa kwenye boksi inapendeza. Inayofaa humsimamisha mtoto wima, kifua chake kikigusana na kifua cha mbebaji. Katika mkao huo, mbebaji anapaswa kuuona uso wa mtoto kwa kutupa macho chini tu, bila kufunua kitambaa. Anapaswa kuweza kuinama kidogo na kumbusu utosini. Kati ya kidevu na kifua cha mtoto ipite nafasi ya kidole kimoja au viwili. Na mgongo wa mtoto uwe umeegemezwa kiasi kwamba ukimbonyeza polepole kwa kiganja hasogei kukukaribia wala hanyooki. Akisogea, mbeleko imelegea, na akisinzia atateremka ndani yake na kujikunja.

Kuhusu nyonga, inafaa kujua kwamba kikombe cha kiungo cha nyonga cha mtoto mchanga bado ni gegedu laini kwa sehemu kubwa, na hujijenga vyema pale kichwa cha mfupa wa paja kinapotulia katikati yake. Hali hiyo hupatikana mapaja yakiwa yametanuka pande mbili na magoti yakiwa juu kidogo kuliko matako, mkao ambao ukitazamwa kwa mbele unafanana na herufi M. Taasisi ya kimataifa inayoshughulikia ulemavu wa nyonga, International Hip Dysplasia Institute, inapendekeza mkao huo, hasa katika miezi sita ya kwanza. Mbeleko yenye kitako chembamba, ambayo humshika mtoto kwenye msamba tu na kuiacha miguu ikining'inia chini, haiutoi. Haina maana kwamba kila mtoto aliyebebwa hivyo atapata tatizo; lakini kwa mtoto aliyetanguliza matako tumboni, au mwenye ndugu aliyewahi kutibiwa nyonga, sioni sababu ya kuichagua. Tena, hata tukiliweka kando suala la nyonga, mtoto anayekalia kitambaa cha upana wa kiganja huchoka upesi na kuanza kujinyonganyonga, na hapo hata mbebaji hana raha.

Kipimo chake ni rahisi. Mketishe mtoto mapajani pako akiwa amekutazama, magoti yakiwa yamekunjwa, kisha pima kwa utepe kutoka nyuma ya goti moja, kupitia chini ya matako, hadi nyuma ya goti la pili. Urefu huo ulinganishe na upana wa kitako cha mbeleko. Kitako kikipungua kidogo kwa mtoto aliyekwisha kuanza kukaa, hakuna neno; kikizidi, kitailazimisha miguu itanuke kupita kiasi, na ukingo wake utakata nyuma ya magoti. Mbeleko nyingi za vifungo siku hizi zina kitako kinachopunguzwa na kuongezwa kwa zipu, kamba au utepe wa kunata (velcro), na kwangu mimi hicho ndicho kiungo cha mbeleko kinachostahili kulipiwa zaidi, kuliko sponji, kuliko kofia ya jua, kuliko mfuko wa simu. Urefu wa kitambaa cha mgongoni nao utazamwe: kwa mtoto mchanga kifike usawa wa masikio bila kumfunika uso, na kwa mkubwa kipite angalau juu kidogo ya makwapa.

Aina na nani zinamfaa

Kwa majuma ya mwanzo, kitambaa kirefu kinachovutika, chenye takriban mita tano, ni vigumu kukipata mpinzani. Hufungwa mwilini kabla mtoto hajaingizwa, kikabaki hivyo mchana kutwa, na mtoto akaingizwa na kutolewa bila kufungua fundo. Ulaini wake humfuata mtoto mdogo kwa jinsi alivyo, bila kuhitaji mto wa kujazia. Faida hiyo si ndogo katika umri ambao mtoto anataka kubebwa kwa muda mrefu; utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1986 na madaktari Hunziker na Barr ulionyesha kwamba watoto wa wiki sita waliobebwa kwa muda wa ziada kila siku walilia pungufu kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wenzao. Hata hivyo kitambaa hicho kina mwisho wake. Mtoto anapokaribia kilo nane au tisa, kunyumbuka kulikokuwa raha hugeuka kero, kwa kuwa kila hatua inamshusha kidogo. Tena kisitumiwe kumbebea mtoto mgongoni, maana mtoto akijirusha nyuma kinaweza kumwachilia.

Kitambaa kirefu kilichofumwa, kisichovutika, hakina ukomo huo. Kilichofumwa vizuri hulegea kidogo kimshazari na kukaza kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo humkumbatia mtoto bila kuachia. Kinamfaa mchanga na kinamfaa wa miaka mitatu, hubebea mbele, nyonga na mgongoni, na hakijali kama mbebaji ni mwembamba au mnene, mradi urefu umetosha. Mtu wa umbo la wastani huhitaji kama mita 4.6 kwa mifungo mingi. Gharama yake ni mazoezi. Ikiwa watakaombeba mtoto ni watu kadhaa, na mmoja wao hana subira ya kujifunza, kitabaki kabatini.

Mbeleko ya pete ni kipande cha kitambaa kilichoshonewa pete mbili upande mmoja, huvaliwa bega moja na kukazwa kwa kuvuta mkia wake. Hukunjika ikaingia kwenye mkoba, na kwa kumpandisha na kumshusha mtoto mara nyingi kwa siku sijaona iliyo nyepesi kuizidi. Pete ziwe zimetengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, za alumini au nailoni ngumu, zisiwe na maungio ya kulehemu wala kingo kali. Pete za ufundi wa mikono zilizokusudiwa mikoba hazifai hata kidogo. Kwa kuwa uzito wote hukaa bega moja, mwenye maumivu ya bega au shingo aitafakari mara mbili, na asiye na maumivu abadilishe bega kila mara.

Mbeleko za kitambaa cha mgongo chenye mikanda minne ya kufunga kwa fundo zinasimama katikati ya vitambaa virefu na mbeleko za vifungo. Zina sura ya kueleweka haraka, na kwa kuwa hazina vipimo vilivyowekwa na kiwanda, watu wawili wenye maumbo tofauti huweza kupokezana bila kurekebisha chochote.

Mbeleko za vifungo vya plastiki ndizo wengi wanazozijua, na ndizo hununuliwa kwa makosa mara nyingi zaidi, kwa sababu hujengwa kwa mwili wa kukadiria. Mwenye kiwiliwili kifupi hukuta mkanda wa kiunoni umemgusa mbavu kwa juu na mapaja kwa chini akikaa. Mwenye mabega membamba hukuta mikanda inateleza. Mwenye mwili mkubwa hukuta mkanda umefika ukingoni. Lebo ikisema kwamba inafaa kuanzia kilo 3.5 hadi 20, soma kwa uangalifu. Nambari ya juu inahusu nguvu ya kitambaa, mishono na vifungo, wala haiahidi kwamba mtoto wa kilo 18 atakaa vizuri juu ya kitako kilichopimwa kwa mtoto wa mwaka mmoja. Nambari ya chini nayo mara nyingine hudai mto wa ziada wa kumwinulia mchanga, na mto huo huuzwa peke yake.

Mbeleko ya fremu ya chuma inayobebwa kama begi la mpandaji milima ina kazi yake, nayo ni safari ndefu za miguu na mtoto anayeweza kukaa bila kushikwa, jambo ambalo wengi hulifikia karibu na miezi sita. Fremu yenyewe ina uzito wa kilo kadhaa, na kikomo kinachoandikwa na mtengenezaji mara nyingi hujumlisha mtoto pamoja na mizigo. Kwa matumizi ya nyumbani na sokoni ni mzigo mtupu.

Mwili wa anayebeba

Uzito mkubwa ubebwe na mifupa ya nyonga, mabega yakisaidia tu. Ndiyo maana mkanda wa kiunoni wa mbeleko ya vifungo, licha ya jina lake, hukaa vizuri zaidi ukiegemea juu ya mifupa ya nyonga kuliko ukizunguka tumbo laini. Mtoto akiwa mdogo sana mkanda hupandishwa ili kichwa chake kifike mahali pa kubusiwa. Anavyokua nao hushuka. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hatauvumilia mkanda juu ya kidonda, kwa hiyo katika wiki za mwanzo aangalie mbeleko isiyo na mkanda mgumu au inayoweza kuvaliwa juu zaidi, na aanze kubeba kwa muda mfupi baada ya kuruhusiwa na anayemhudumia.

Mikanda ya mabegani huja kwa namna mbili: inayoshuka wima kama ya begi, ikaunganishwa na mkanda mfupi mgongoni, na inayopishana mgongoni kama msalaba. Ya kupishana hutawanya uzito vizuri zaidi wakati mtoto yuko mbele, na haitelezi kwenye mabega membamba, lakini baadhi ya watu huona shida kuivaa juu ya kichwa. Ya wima ni rahisi kwa kubeba mgongoni. Mbeleko inayokubali namna zote mbili huwaondolea wazazi wawili ugomvi.

Kumbeba mtoto mbele akitazama nje ni mkao unaotangazwa sana, na watoto wengi wenye udadisi huupenda. Maoni yangu ni kwamba usiwe sababu ya kununua. Mtoto awe amekwisha kukaza shingo kikamilifu, jambo ambalo huchukua miezi minne hadi sita. Kitako kiendelee kuyashikilia mapaja. Na muda uwe mfupi, kwa kuwa akisinzia hana pa kuegemeza kichwa na akizidiwa na kelele hana pa kuficha uso. Kwa mbebaji, kichwa na miguu ya mtoto husogea mbali na mwili, na kiuno hulipa. Mtoto wa umri huo anayetaka kuona dunia hutosheka akibebwa ubavuni au juu mgongoni, akichungulia begani.

Mtoto anapoanza kutembea

Hapa mahesabu hubadilika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana kilo kumi na zaidi, lakini habebwi mfululizo. Anataka chini, dakika tano baadaye anataka juu, kisha anataka chini tena. Mzazi asinunue mbeleko yenye vifungo vingi kwa ajili ya safari ambazo mtoto atazitembea nusu yake. Mbeleko ya pete, au mkanda mwepesi unaomketisha mtoto nyongani, mara nyingi hutosha, mradi mkono mmoja wa mbebaji uwe tayari kumshika pale bidhaa yenyewe inapoagiza hivyo. Kuna pia zile zenye kiti kigumu kinachofungwa kiunoni, mtoto akakikalia kama kigoda: ni rahisi sana kumpandisha, lakini hujaza nafasi, humsogeza mtoto mbali na mwili, na kwa mwenye kiuno dhaifu si chaguo zuri.

Ikiwa bado kuna safari ndefu, au mtoto bado hulala mchana akiwa amebebwa, nunua mbeleko ya vifungo ya saizi ya mtoto mkubwa, yenye kitako na mgongo mpana zaidi, na mbebe mgongoni. Mbele, mtoto wa ukubwa huo huziba macho ya mbebaji asione anakokanyaga. Kabla ya kununua, jaribu kumpandisha mgongoni ukiwa umeketi kitandani au kuna mtu wa kumshika, maana mbeleko isiyokuruhusu kumpandisha bila msaidizi haitakufaa siku uliyo peke yako.

Joto nalo lisisahauliwe kwa umri wowote. Mbeleko ni nguo moja zaidi juu ya mtoto, na miili miwili iliyogusana hupashana moto. Pamba na kitani hupitisha hewa. Matabaka matatu ya kitambaa kinachovutika hayapitishi sana, na wavu wa sintetiki husaidia mgongoni mwa mtoto ingawa wakati mwingine huikwaruza ngozi ya mapaja. Pima joto kwa kugusa kisogo au kifua cha mtoto, kwa kuwa mikono na miguu hudanganya.

Lebo na mishono

Bidhaa halali huwa na lebo iliyoshonewa yenye jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, uzito unaoruhusiwa na maonyo ya matumizi, pamoja na maelekezo. Tafuta pia kiwango ilichopimiwa. Katika Ulaya mbeleko laini hupimwa kwa EN 13209-2 na zenye fremu kwa EN 13209-1. Marekani hutumia ASTM F2236 kwa mbeleko laini za vifungo na F2907 kwa zile za kuning'iniza begani. Bei ya chini kupita kawaida kwa jina maarufu, huku lebo ikiwa na makosa ya tahajia, ni dalili ya bidhaa bandia ambayo vifungo vyake havijapimwa na mtu.

Mbeleko iliyotumika si mbaya, na za vitambaa vilivyofumwa hulainika kwa kutumiwa. Ikague mchana: vuta kwa nguvu kila mahali mkanda unapoungana na kitambaa, angalia kama nyuzi zimekatika, funga na ufungue kila kifungo ukisikiliza mlio wake, tafuta nyufa kwenye plastiki, inua kitambaa dhidi ya mwanga uone sehemu zilizokonda. Kisha hakikisha kwamba mtengenezaji hajawahi kutaka mbeleko za aina hiyo zirudishwe kwa kasoro. Kifungo kilichovunjika hakishonewi kingine cha kubahatisha.

Kujaribu

Dakika mbili mbele ya kioo hazionyeshi kitu. Vaa mbeleko na mtoto mwenyewe ndani, akiwa ameshiba na hana usingizi, utembee, uketi, uokote kitu kwa kukunja magoti badala ya kiuno, kwa dakika ishirini au zaidi. Kaza kwa mpangilio: kwanza mkanda wa nyonga, halafu mketishe mtoto vizuri ukimkunja kidogo kiunoni ili magoti yapande, na mwisho mikanda ya mabegani. Wanaoanza na mabega hulilazimisha bega kubeba kazi ya nyonga.

Maumivu yakitokea, mahali pake hueleza sababu. Yakiwa kiunoni, mara nyingi mtoto yuko chini mno au mkanda wa nyonga umelegea. Yakiwa kwenye misuli kati ya shingo na bega, mikanda imekaa ndani mno, na mkanda mdogo unaoiunganisha mgongoni huenda uko juu sana. Ushushe hadi katikati ya mifupa ya mabega. Vidole vikipata ganzi, kuna ukingo unaobana kwapani. Mtoto akiegemea upande mmoja kila mara, urefu wa mikanda hautoshani, au amekaa na paja moja ndani ya kitambaa zaidi ya jingine. Alama nyekundu nyuma ya magoti yake, au nyayo zinazobadilika rangi, zinaonyesha kwamba kitako ni kipana kuliko mapaja yake.

Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, utembee tena, uone. Ikiwa umeirekebisha mikanda yote na maumivu yanarudi palepale, au mtoto aliyezoea kubebwa analia kila anapoingizwa, vipimo vya mbeleko hiyo havilingani na miili yenu miwili. Irudishe ikiwa bado ina lebo zake, na safari hii anza na ile yenye mkanda wa umbo tofauti au kitako cha upana tofauti, badala ya kutafuta ya aina ileile yenye sponji nene zaidi.